Hitchcock wa Miaka ya Vita: Shaka Ikipambana na Propaganda

Wengi wanaotaka kumsoma Alfred Hitchcock huanzia mwishoni. Hutazama Vertigo ya 1958 na Psycho ya 1960, wakastaajabu, kisha wakarudi nyuma kutafuta dalili za ukubwa huo katika kazi zilizotangulia. Kwa mwendo huo, filamu alizotengeneza kati ya 1940 na 1946 huonekana kama vidaraja vya kupitia tu. Ushauri wangu ni kinyume chake: anza na miaka ya vita. Ndipo alipobanwa kuliko wakati mwingine wowote. Fedha za kujengea seti ziliwekewa kikomo, studio zilimbadilishia mafundi karibu kila filamu, na serikali za Uingereza na Marekani zilitarajia filamu zieleze wazi adui ni nani na kwa nini ashindwe.

Hapo ndipo penye mgogoro wa kusomwa. Propaganda humtaka mtazamaji awe na hakika. Taharuki humtaka awe na shaka. Mtu mmoja, ndani ya filamu moja, alipaswa kuyatoa yote mawili, na hayakai pamoja kwa urahisi. Ukizichunguza filamu hizi moja baada ya nyingine utaona kwamba pale hakika iliposhinda, kazi imechuja na inabaki kuwa kumbukumbu ya zama zake. Pale shaka iliposhinda, kazi bado inauma, ingawa wakati ule ndiyo iliyoleta malalamiko makubwa zaidi.

Kwanza mazingira, kwa ufupi. Hitchcock alizaliwa London mwaka 1899 na alihamia Marekani Machi 1939 kwa mkataba na prodyuza David O. Selznick. Vita vilianza Septemba mwaka huohuo. Agosti 1940 Michael Balcon, prodyuza wa Kiingereza aliyempa nafasi ya kwanza ya kuongoza filamu, aliwashambulia gazetini Waingereza waliobaki Hollywood wakati nchi yao ikipigwa, na kila aliyesoma alijua Hitchcock ni mmoja wa waliolengwa. Alikuwa na umri wa miaka 41 na mwili mkubwa sana kuweza kuvaa sare ya jeshi. Silaha aliyokuwa nayo ni kamera.

Selznick, kwa upande wake, hakumtumia sana yeye mwenyewe. Alimkodisha kwa wengine na kubaki na faida. Foreign Correspondent ilitengenezwa kwa prodyuza Walter Wanger, Suspicion kwa studio ya RKO, Saboteur na Shadow of a Doubt kwa Universal, Lifeboat kwa Fox. Kwa mchambuzi hili lina thamani kubwa. Wapiga picha walibadilika: Rudolph Maté, Harry Stradling, Joseph Valentine, Glen MacWilliams, George Barnes, Ted Tetzlaff. Waandishi walibadilika, wajenzi wa seti walibadilika. Kinachojirudia kutoka filamu moja hadi nyingine katika hali kama hiyo kina uwezekano mkubwa wa kuwa chake, na ndicho cha kufuatilia.

Namna ya kutazama

Kutazama filamu mara moja ukiwa umeegemea kochi hakutoshi. Chukua sini (tukio) moja ya dakika tatu hadi tano na uivunje shoti kwa shoti, yaani kipande kimoja kimoja kilichopigwa bila kamera kukatwa. Andika namba ya shoti, muda inapoanza na kuisha, ukubwa wake (uso peke yake, kifua hadi kichwa, mwili mzima, mandhari yote), kama kamera inasogea, na nani anamtazama nani. Kisha ongeza safu tatu ambazo wengi huzisahau, nazo ndizo muhimu kuliko zote: mtazamaji anajua nini, shujaa anajua nini, adui anajua nini. Jaza safu hizo kwa kila shoti. Utaona kwa macho yako mahali taharuki inapozaliwa: ni pale safu ya mtazamaji inapotangulia safu ya shujaa, na hubaki hai kadiri pengo hilo linavyodumu.

Baada ya hapo itazame sini hiyohiyo bila sauti, halafu isikilize bila picha. Hitchcock alijifunza kazi enzi ya filamu bubu, na sini zake nyingi nzuri zinaeleweka hata sauti ikizimwa. Ile isiyoeleweka bila maneno iwekee alama. Mara nyingi utakuta ni mahali ambapo mhusika anahutubia.

Makosa hutokea hata kabla ya kuanza. La kwanza ni kasi ya nakala. Filamu hizi zilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Nakala zilizotengenezwa kwa mfumo wa PAL, uliotumika kwenye televisheni za kwetu Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya Ulaya, huenda kwa fremu 25, hivyo filamu ya dakika 120 huisha kwa takriban dakika 115 na sauti hupanda kidogo. Ukipima urefu wa shoti kwa nakala hiyo kisha ukalinganisha na vipimo vya mtu aliyetumia nakala nyingine, hesabu hazitalingana, na utadhani umekosea kuhesabu. Andika daima ni nakala gani umetumia. La pili ni umbo la picha. Filamu za wakati huo zina upana wa karibu 1.37 kwa kimo cha 1. Nakala iliyovutwa ijaze skrini pana hunenepesha nyuso, na ile iliyokatwa juu na chini huondoa dari, ngazi na vivuli, vitu ambavyo Hitchcock aliviweka kwa makusudi. Nakala iliyotiwa rangi baadaye iache kabisa.

La tatu ni la ushahidi. Mahojiano marefu ya Hitchcock na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut, yaliyofanyika 1962, ni hazina, lakini ni ya mzee mwenye jina kubwa akieleza kazi za miaka 20 nyuma. Humo ndimo ulimo mfano maarufu wa bomu chini ya meza: bomu likilipuka ghafla unapata mshtuko wa sekunde 15, mtazamaji akionyeshwa bomu mapema, unapata taharuki ya dakika 15. Mfano ni sahihi. Tatizo ni wanaoutumia kama mhuri, wakibandika kila sini bila kuikagua. Halafu kuna Suspicion ya 1941, kisa cha mke anayehofu kwamba mumewe, akichezwa na Cary Grant, anataka kumuua. Baadaye Hitchcock alisema alitaka mume awe muuaji kweli, studio ikamlazimisha kumsafisha. Watafiti waliopitia hati za utayarishaji wameona mambo hayakuwa mepesi hivyo. Yachukue maneno yake kama ushahidi wa shahidi mmoja, kisha urudi kwenye filamu yenyewe. Humo, glasi ya maziwa ambayo Grant anaipandisha ngazini inang'aa kuliko kitu kingine chochote kwenye picha kwa sababu taa ndogo iliwekwa ndani yake. Hilo halihitaji mahojiano ili kuaminiwa, linaonekana.

Hotuba na kanivali

Foreign Correspondent ilitoka Agosti 1940, Marekani ikiwa bado nje ya vita. Joel McCrea ni mwandishi wa habari wa Kimarekani anayepelekwa Ulaya na kujikuta akifuatilia utekaji wa mwanadiplomasia wa Kiholanzi anayejua kifungu cha siri cha mkataba. Kifungu hicho hakina maana yoyote kwa mtazamaji, na hakuna ubaya. Kazi yake ni kuwafanya watu wakimbie.

Chukua sini ya vinu vya upepo. Shujaa amewapoteza wauaji kwenye uwanda mtupu wa Uholanzi. Vinu vyote vinazunguka kwa kufuata upepo, kimoja kinazunguka kinyume. Hakuna anayesema kitu. Upepo unavuma, mabawa yanalia, na mtazamaji anagundua kosa sambamba na shujaa. Sini ya ndege inayoanguka baharini ni somo la ufundi. Picha ya bahari ikisogea ilirushwa kutoka nyuma kwenye pazia la karatasi lililowekwa mbele ya chumba cha rubani. Nyuma ya pazia kulikuwa na matangi ya maji. Ndege "ilipogusa" bahari, maji yalifunguliwa, yakapasua karatasi na kuwamwagikia waigizaji. Yote katika shoti moja, bila mkato, yaani bila kuruka kwenda picha nyingine. Mtazamaji anayetafuta mkato ili aseme "hapa wamenidanganya" anaukosa.

Kisha inakuja dakika ya mwisho. Filamu ilikuwa imekwisha kupigwa pale Ben Hecht alipoitwa kuandika hitimisho jipya, likarekodiwa Julai 1940. Shujaa anazungumza redioni kutoka London, mabomu yanaanguka, taa zinazimika, naye anaisihi Marekani ijilinde. Mashambulizi makubwa ya usiku dhidi ya London yalianza Septemba, hivyo sini hiyo ilitangulia tukio lenyewe. Kama wito wa kisiasa ilikuwa hodari. Kama filamu ya taharuki, hapo mlango unafungwa: hakuna tena tusichojua, na kilichobaki ni kukubali. Ukijaza jedwali lako la nani anajua nini, safu zote tatu zinakuwa sawa.

Saboteur ya 1942 ina ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa zaidi, maana hotuba zimesambazwa filamu nzima. Robert Cummings ni fundi wa kiwanda cha ndege anayesingiziwa kuteketeza kiwanda, naye anavuka nchi kumtafuta mhujumu wa kweli. Kila anayekutana naye njiani ni mfano wa somo la uraia: kipofu mwenye hekima, wasanii wa kanivali wanaopiga kura kama wamfiche au wamtoe, tajiri anayevutiwa na udikteta. Wahusika hawa wanajua mno wanawakilisha nini.

Hata hivyo filamu hiyo ina mambo mawili ya kuchunguza kwa makini. La kwanza ni meli ya abiria ya Kifaransa Normandie, iliyowaka moto na kulala ubavu kwenye gati la New York Februari 1942. Hitchcock alipata picha halisi za meli hiyo, akaweka shoti ya mhujumu akiitazama kutoka dirishani mwa teksi, kisha meli, kisha mhujumu akitabasamu. Shoti tatu tu. Hakuna neno lililosemwa, lakini mpangilio unadai meli ilihujumiwa, na jeshi la majini la Marekani halikufurahishwa. Hapa mwanafunzi anaona jinsi uhariri unavyoweza kutoa tuhuma ambayo hakuna mtu anayeweza kuinukuu.

La pili ni sini ya Sanamu ya Uhuru. Norman Lloyd, akicheza mhujumu, ananing'inia kwenye mkono wa sanamu; shujaa amemshika mkono wa koti; uzi wa bega unaanza kuachia mmoja mmoja. Muziki umeondolewa. Kuanguka kwenyewe kulifanywa kwa kinyume: mwigizaji aliketi kwenye kiti mfano wa tandiko juu ya kitambaa cheusi studioni, kamera ikavutwa juu kwa kasi kumwacha, kisha picha hiyo ikaunganishwa na mandhari ya sanamu. Ufundi ni kamili, na bado sini haibani kifua inavyopaswa. Hitchcock mwenyewe alikuja kuitaja sababu: aliyening'inia ni mwovu. Uzi unapochanika hatuna cha kupoteza. Angetundikwa shujaa, kila mshono ungekuwa na bei. Kosa hili ni la kawaida hata kwa watengenezaji wa leo: wanatumia nguvu zote kwenye hatari, wanasahau kuuliza hatari hiyo inamtishia nani.

Kikomo cha dola 5,000

Shadow of a Doubt ilipigwa 1942 na kutoka Januari 1943. Bodi ya Uzalishaji wa Vita ya Marekani ilikuwa imeweka kikomo cha dola 5,000 kwa vifaa vipya vya kujengea seti kwa kila filamu. Studio nyingi ziliona hilo kama adhabu. Hitchcock alikwenda Santa Rosa, mji mdogo wa California, akatumia stesheni halisi ya treni, maktaba halisi, mitaa halisi, na nyumba ya mkazi mmoja wa mji kwa sura ya nje. Kulitokea tatizo ambalo kila aliyewahi kupiga picha nje ya studio atalitambua: mwenye nyumba alifurahi kuchaguliwa hata akaipaka rangi mpya kabla ya kamera kufika, na mafundi wakalazimika kuichakaza upya.

Filamu haina jasusi. Vita vinaonekana kwa mbali tu, kama vile wanajeshi walioketi baa. Kisa ni cha Mjomba Charlie, akichezwa na Joseph Cotten, anayewasili kwa dada yake akiwa na zawadi na haiba, na cha mpwa wake mwenye jina lilelile, akichezwa na Teresa Wright, anayempenda kupita kiasi na kugundua polepole kwamba ni muuaji wa wajane. Thornton Wilder, aliyeshiriki kuandika mswada, alikuwa njiani kuingia jeshini, na sehemu ya mwisho ya kazi yake aliimalizia kwenye treni akiwa na Hitchcock pembeni.

Naiweka filamu hii juu ya zote za kipindi hiki, na sababu yangu inahusu vita moja kwa moja. Mwaka ule kila bango lilimwambia Mmarekani kwamba ubaya unatoka nje, una lafudhi na sare. Hitchcock akauleta kwa treni, ukashuka stesheni ukiwa umevaa suti nzuri, ukaketi kwenye meza ya chakula cha jioni ya familia.

Hesabu vitu viwiliviwili. Filamu inaanza na Mjomba amelala kitandani katika nyumba ya kupanga. Dakika chache baadaye mpwa amelala kitandani kwao, kwa mlalo unaomwakisi. Kuna wapelelezi wawili, washukiwa wawili katika sehemu mbili za nchi, milo mikubwa miwili, sini mbili za gereji, na baa yenyewe ina neno "mbili" katika jina lake. Ukiorodhesha hayo yote kwa dakika na sekunde utaona kwamba kila jambo la pili ni baya kuliko la kwanza. Zawadi ya pete ya zumaridi yenye herufi zilizochongwa ndani, T.S. kutoka kwa B.M., inaanza kama upendo na inarudi kama ushahidi.

Halafu nenda kwenye hotuba ya mezani. Mjomba anazungumza juu ya wajane matajiri wanaokula fedha za waume waliokufa, akiwaita kama wanyama walionona. Kamera inamsogelea kutoka ubavuni, polepole, bila mkato, hadi uso wake unajaza skrini. Mpwa, ambaye hatumwoni, anamkatiza akisema wale ni watu, wako hai. Mjomba anageuza uso na kutazama ndani ya lenzi, anauliza kwa utulivu kama kweli ni watu. Hapo mtazamaji ameketishwa kwenye kiti cha binti, na swali anaulizwa yeye. Ilinganishe na hotuba ya redio ya 1940. Zote mbili ni mtu anayesema moja kwa moja na mtazamaji. Ya kwanza inampa jibu, ya pili inamwachia swali linalotisha. Ni mwaka wa kuwagawa watu makundi, wenye thamani na wasio na thamani. Hitchcock hakuhitaji kutaja Ujerumani.

Mashua moja

Lifeboat ya 1944 ni jaribio la ufundi lililogeuka kuwa ugomvi wa kitaifa. Kisa cha awali kilitoka kwa John Steinbeck, mswada ukaandikwa na Jo Swerling. Meli imezamishwa na nyambizi ya Kijerumani. Manusura wamo katika mashua moja ya kuokolea. Wanamwokoa pia Mjerumani mmoja, Willy, akichezwa na Walter Slezak, ambaye ndiye nahodha wa nyambizi hiyo.

Kanuni ilikuwa moja: kamera isitoke mashuani. Ili kutekeleza hilo studio ya Fox ilitengeneza mashua nne, moja ya mazoezi, moja ya shoti za karibu, moja ya shoti za mbali, na moja ya kwenye tangi kubwa la maji. Nyuma ya waigizaji kulikuwa na pazia lenye picha ya bahari. Upigaji ulichukua Agosti hadi Novemba 1943, na waigizaji waliumia: Hume Cronyn alivunjika mbavu na nusura azame, Tallulah Bankhead alipata nimonia. Nje ya muziki wa majina mwanzoni na mwishoni, filimbi ya Joe na nyimbo za Willy, hakuna muziki.

Mwanafunzi anayejiuliza filamu ya dakika zaidi ya 90 inawezaje kukaa mahali pamoja bila kuchosha, afuatilie mali za Constance Porter, mwandishi wa habari aliyechezwa na Bankhead. Anaingia akiwa na kamera, mashine ya kuandikia, begi, koti la manyoya na bangili ya almasi. Kimoja kimoja vinaondoka, na kila kinachoondoka kinafungua hatua mpya ya kisa. Mwisho bangili inakuwa chambo cha kuvulia samaki. Orodha ya vitu vitano ndiyo inayobeba muundo wa filamu nzima, na mtengenezaji mwenye bajeti ndogo popote alipo anaweza kuitumia.

Sasa jaza jedwali. Willy ana dira na hawajui. Ana maji na hawajui. Anaelewa Kiingereza na hawajui. Ni yeye anayepiga makasia wakati wengine wamechoka, na ni yeye daktari anayemkata mguu baharia Gus ili kumwokoa. Baadaye anamsukuma Gus huyohuyo baharini. Kinachomfichua ni jasho: mwenye kiu ya siku nyingi hatokwi na jasho. Manusura wanamrukia na kumuua kwa mikono. Joe, mhudumu mweusi wa meli aliyechezwa na Canada Lee, hashiriki.

Bosley Crowther, mhakiki wa filamu wa The New York Times, na wengine walikasirika. Kwa nini Nazi ndiye mwenye uwezo kuliko wote, na wanademokrasia ni kundi la wagombanao? Jibu la Hitchcock lilikuwa kwamba Washirika wanapaswa kuacha migogoro yao. Jibu hilo ni la kujitetea, na ni dogo kuliko filamu. Kundi linapomuua Willy, kamera imebaki nyuma ya migongo yao. Hatuoni shujaa, tunaona genge. Lawama nyingine ilikuwa nzito zaidi na ilistahili. Steinbeck alilalamika kwamba Joe, aliyemwandika kama mtu mwenye heshima na kusudi, amegeuzwa kuwa kikaragosi cha kuchekesha, akaomba jina lake liondolewe. Ukimtazama Joe katika filamu iliyopo utaona Canada Lee akipigana na mswada: anasitasita pale wanapompa kura, ananyamaza pale wanapotarajia atabasamu. Mchambuzi asiyegusia hilo hajaisoma Lifeboat. Filamu inayoshuku kila hakika ya wakati wake iliachia hakika moja ya kibaguzi ipite.

Filamu mbili za Kifaransa

Mwanzoni mwa 1944 Hitchcock alirudi Uingereza kuifanyia kazi Wizara ya Habari, kwa malipo ya pauni 10 kwa wiki. Alitengeneza filamu fupi mbili kwa Kifaransa, na waigizaji wa Kifaransa waliokuwa uhamishoni: Bon Voyage ya dakika 26 na Aventure malgache ya dakika takriban 31. Kwa miaka mingi zilikuwa haziwezi kupatikana. Zilitolewa kwa umma miaka ya 1990.

Bon Voyage ndiyo ningempa mwalimu yeyote wa filamu mwenye kipindi kimoja tu. Mwanajeshi wa anga wa Uingereza anahojiwa London na ofisa wa Kifaransa kuhusu jinsi alivyotoroka Ufaransa pamoja na mfungwa wa Kipolandi. Tunaona safari yake kwa kisengerenyuma. Kisha ofisa anaisimulia upya safari ileile, mahali palepale, na sasa tunaona kilichokuwa kikifanyika pembeni: Mpolandi ni wakala wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, na kila msaada uliotolewa njiani uliandikwa kwenye orodha ya watakaouawa. Propaganda ilitaka kusema "jihadhari, adui anaweza kuwa rafiki yako." Hitchcock alikwenda mbele zaidi: alichukua picha tulizokwisha kuziamini kwa macho yetu na kuonyesha kwamba zilikuwa nusu ya ukweli. Weka safu mbili kando kwa kando, simulizi ya kwanza na ya pili, uone ni shoti zipi zimerudiwa na zipi zimeongezwa.

Aventure malgache inatugusa kwa karibu. Inatokea Madagaska chini ya serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, ambako mwanasheria anaendesha redio ya siri ya upinzani na mkuu wa polisi anamwinda. Waingereza walitua Diego Suarez Mei 1942, na Septemba majeshi yakasonga kutoka Majunga hadi Tananarive, pamoja nayo Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, askari wa KAR (King's African Rifles) ambao lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili. Simulizi ya Hitchcock ni ya Wafaransa kwa Wafaransa, na askari hao hawana nafasi ndani yake. Katika taswira yake kali zaidi, mkuu wa polisi, baada ya Waingereza kuingia, anaondoa ofisini picha ya Pétain, kiongozi wa Vichy, na chupa ya maji ya Vichy, anatundika Malkia Victoria. Kwa watu waliotaka kuwaonyesha Wafaransa kuwa kitu kimoja, hiyo haikuwa habari ya kufurahisha. Filamu ikawekwa kando.

Chupa zinazopungua

Notorious ilitoka 1946, lakini kisa kilikuwa kikiandikwa na Ben Hecht tangu vita havijaisha. Wanazi waliokimbilia Brazil wanaficha madini ya urani ndani ya chupa za mvinyo. Hitchcock alipenda kusimulia kwamba FBI walimfuatilia kwa kulitaja neno hilo kabla ya Hiroshima. Hadithi hiyo iwekwe kwenye fungu la maneno yake ya baadaye. Selznick hakuamini kisa cha urani, akakiuza chote kwa RKO kwa dola 800,000 na nusu ya faida. Wakati huohuo sehemu kubwa ya urani halisi ya mradi wa bomu la atomiki la Marekani ilikuwa imetoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo.

Katika sini ya sherehe, kamera inaanzia juu ya ngazi ikiona ukumbi mzima, inashuka kwa kreni bila mkato hadi kwenye kiganja cha Ingrid Bergman, anayecheza mwanamke aliyeolewa na mmoja wa Wanazi hao ili apeleleze, kilichoficha ufunguo wa stoo. Wengi huishia kuusifu mshuko huo. Endelea mbele. Saa ya sini hii ni shampeni: chupa zikiisha, mhudumu atamwomba mume wake funguo za stoo, na Cary Grant, mpelelezi wa Marekani, yumo stoo. Hitchcock anakata kwenda kwenye ndoo ya barafu, mara tena, mara tena, chupa zikipungua. Katika Saboteur uzi ulichanika juu ya mtu tusiyemjali. Hapa kinachopungua kinamtishia mwanamke ambaye serikali yenyewe, upande wa wema, ndiyo iliyomtuma kitandani mwa adui. Vita vimekwisha na hakika zake zimekwisha nazo.

Mkono uliokataa mkato

Imebaki kazi moja, na haiwezi kuchanganywa na zile za burudani. Kambi ya Bergen-Belsen ilikombolewa 15 Aprili 1945, na wapiga picha wa jeshi la Uingereza walirekodi walichokuta. Sidney Bernstein, rafiki wa Hitchcock, aliongoza utayarishaji wa filamu ya kumbukumbu kutokana na picha hizo na nyingine za Wamarekani na Wasovieti. Hitchcock alifika London katikati ya mwaka huo akashauri kwa wiki chache. Hakuelekeza upigaji wowote kambini, na wanaoiita "filamu ya Hitchcock" wanawanyang'anya wapiga picha na wahariri, Stewart McAllister na Peter Tanner, haki yao.

Ushauri wake ulikuwa mambo mawili. Tumieni shoti ndefu zinazogeuka polepole bila mkato, ili wenyeji na maofisa waliolazimishwa kushuhudia waonekane katika picha ileile moja na miili ya waliouawa. Asije mtu baadaye akadai vipande viliunganishwa kwa hila. Na wekeni ramani zenye duara zikionyesha umbali mdogo kati ya kambi na miji ambako watu waliendelea na maisha yao. Mtu aliyekuwa ameonyesha kwa shoti tatu za Normandie jinsi mkato unavyoweza kutunga tuhuma alijua vyema kuliko wengi kwa nini hapa mkato usitumike.

Filamu hiyo ilisitishwa Septemba 1945 ikiwa haijakamilika. Reli (mizingo ya filamu) tano kati ya sita ziliingia Imperial War Museum mwaka 1952, zikaonyeshwa Berlin 1984, na makumbusho hayo yakaikamilisha kwa kufuata hati za awali mwaka 2014, kwa jina lake la mwanzo, German Concentration Camps Factual Survey. Anayetaka kuitazama aitafute nakala hiyo ya 2014. Ile iliyorushwa na televisheni ya Marekani mwaka 1985 kwa jina la Memory of the Camps haina reli ya sita, na ndiyo inayozunguka zaidi.